Chambo Kisichonasa

Nianze kwa kukiri jambo ambalo wateja wangu wa mtaa wa Najma, Doha, hawakulijua kwa miaka sita mizima. Niliuza vyambo vya bandia vya kuvulia. Nilishauri watu wazima wenye mashua zao wafunge kipi na wakiache kipi, na wavuvi wa mataifa saba wakaniita Ustadh. Muda wote huo sikuwa nimewahi kushika fimbo ya kuvulia. Mimi ni mtu wa Molo. Kwetu ni ukungu, viazi na kondoo. Samaki niliyemjua utotoni aliishi ndani ya mkebe, hana kichwa, amelala kwenye mchuzi wa nyanya.

Ninyi vijana mnaojiandaa kwenda Doha kufanya kazi za dukani, kila mnapopita hapa kwangu mnaniuliza nilifaulu vipi huko. Sikufaulu. Nilikaa. Kukaa ni kipaji, na mimi nilizaliwa nacho. Ijumaa wenzangu wakienda Corniche, ile barabara ya ufukweni, kupigana picha na majengo, mimi nilifua soksi, nikasonga ugali, nikalala. Watu nane chumba kimoja, na wote wakitoka unabaki wewe na feni. Sijui kama peponi kuna utulivu kuzidi ule.

Mkubwa wa duka aliitwa Nasir, mtu wa Kerala kule India, mwembamba kama fimbo alizokuwa akiuza. Tulizungumza Kiarabu cha sokoni, Kiingereza cha kuombea kazi, na vidole. Alikuwa na sheria moja tu ambayo ukiivunja hakusemeshi: usimuuzie mtu chambo ambacho si cha msimu wake. Mtu akikosa samaki kwa kukosa bahati, alisema, atarudi. Akikosa kwa ajili yako, atarudi pia, lakini na ndugu zake.

Niliivunja mwezi wangu wa kwanza. Ilikuwa Januari, dereva mmoja wa lori akataka kitu cha kuvulia ngisi. Nikamchagulia vyambo vinne vikubwa vya rangi ya waridi, kwa sababu chini ya taa za duka vilipendeza kama keki. Siku ya tatu alirudi, akavipanga kaunta kimoja kimoja, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumwona ngisi akienda harusini.

Nasir hakunifokea. Alinijazia mfuko vyambo vya kila aina, akaniambia niende nikavisome. Nikamwuliza navisomaje. Akasema, kwa maji.

Basi nilisoma kwa maji ya chooni. Bafuni kwetu kulikuwa na pipa la buluu, refu hadi kifuani, la kuweka akiba maji yakikatika. Kila jioni nilijifungia humo, naachia chambo juu, nahesabu mpaka kiguse chini, kisha naandika hesabu yake kwenye kisanduku kwa kalamu nene. Kile kizito cha waridi hakikufika hata tatu. Kulikuwa na kidogo cha rangi ya majani makavu, kimevishwa kitambaa mfano wa kamba wa baharini, chenye taji la sindano mkiani: hicho kilishuka polepole, kimeinamisha kichwa kama mtu anayeingia msikitini, na kikafika sita. Nje ya mlango kulikuwa na foleni. Mlinzi mmoja Mganda, aliyekuwa na zamu ya alfajiri, aligonga akauliza, "Njoroge, unaoga au unabatiza?"

Chekeni, lakini ndivyo nilivyojua kazi yangu. Mengine niliyapata kwa kuwasikiliza wateja, maana mvuvi akipata samaki lazima amwambie mtu, na mimi nilikuwa nimekaa pale, siendi popote. Nikaandika kwenye daftari: upepo gani, maji ya namna gani, kipi kimenasa. Kufikia msimu wa tatu nilikuwa najua.

Nitawapa elimu hiyo kwa ufupi, huenda mtu akaihitaji. Baridi ya Doha ikiingia, kuanzia Novemba hivi, ngisi husogea kwenye kina kifupi, karibu na mawe. Maji huwa maangavu, ukidondosha sarafu unaiona. Hapo mpe kitu kidogo, cha rangi ya kinyonge, kinachoshuka taratibu. Ngisi hakimbizani na chakula. Hukinyemelea, na kikiwa kinashuka ndipo hukikumbatia. Upepo wa kaskazini ukipiga siku mbili tatu na bahari ikachafuka, sasa leta waridi, leta machungwa, kwa sababu kwenye maji ya vumbi lazima upaze sauti. Joto likija ngisi hushuka kwenye kina, na mwenye akili hubaki nyumbani kwenye kiyoyozi. Somo hilo la mwisho nililifundisha kwa moyo wangu wote.

Na jambo moja la sindano. Lile taji la chambo cha ngisi halina vijino vya kurudi nyuma kama ndoana ya kawaida. Kinachomshikilia ngisi ni mkazo wa mshipi tu. Ukiulegeza kidogo, amekwenda, na amekuachia wino. Mlishike hilo, tutarudi kwalo.

Sasa niwaambie habari ya Bu Jasim, kwa sababu ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Bu Jasim, yaani Baba Jasim kama tungesema kwetu, alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Aliishi mtaa wa Al Thumama, na alikuwa mteja wa Nasir tangu mimi nikiwa bado navaa kaptura ya shule. Sikumfahamu sana, kwani mkewe alikuwa akiugua tangu mwaka niliofika na mzee alikuwa ameacha kuvua. Niliyemfahamu ni Nekesa, dada wa Bungoma aliyefanya kazi nyumbani kwao. Kila Ijumaa alikuja Najma kununua unga wa ugali, na akipita dukani lazima anitanie. Aliniita daktari wa samaki. Alikuwa wa kwanza kushuku kwamba sijawahi kuvua, maana aliniuliza bahari ina ladha gani nikamjibu kwamba inategemea.

Ijumaa moja ya Januari aliingia bila utani. Alisubiri mteja atoke.

"Kaka Njoroge, nimetumwa na Mama, na tafadhali usicheke. Kesho Baba atakuja kutafuta chambo cha ngisi. Mama anasema umpe kisichonasa."

"Kisichonasa nini?"

"Kisichonasa chochote. Kwani wewe si daktari?"

Akanieleza. Ugonjwa wa Mama, mke wa Bu Jasim, ulikuwa umefika mahali ambapo madaktari wanasifu mito na shuka badala ya dawa. Na Baba alikuwa amegeuka kuwa kiti. Tangu swala ya alfajiri hadi jioni alikaa kando ya kitanda akisikiliza mkewe anavyopumua. Mama akikohoa, anasimama. Mama akinyamaza, anasimama haraka zaidi. Vijana wao walikuwa kazini, mmoja ng'ambo, mwingine akija jioni. Ndipo Mama akabuni hamu. Alisema anatamani ngisi, si wa sokoni, ngisi aliyevuliwa na mumewe kwa mkono wake kama miaka ile walipooana. Alijua Baba akimpata siku ya kwanza, siku ya pili amerudi kwenye kiti. Kwa hiyo asimpate upesi.

Nekesa alinirudishia maneno ya Mama kama alivyoyasema, na nimeyatunza. "Mimi nitakwenda, na huyu atabaki kwenye kiti hiki akitazama kitanda. Nataka azoee kutoka ningali hapa, nipate kumwuliza ameona nini."

Kisha akaongeza agizo la pili kwa sauti ya chini, kana kwamba la kwanza halikutosha kuniua: Mama hataki aende peke yake. Niende naye.

Fikirieni mtu kama mimi. Alfajiri, baridi, baharini, kwa hiari.

Bu Jasim alikuja Jumamosi. Mzee mrefu, kanzu imenyooka, macho ya mtu asiyelala. Akasema amekaa sana, vitu vimebadilika, nimchagulie mwenyewe kwa kuwa mimi ndimi Ustadh. Niligeukia rafu na mkono ukaenda wenyewe kwenye kile kidogo cha majani makavu. Ilibidi niuvute. Bahari ilikuwa shwari wiki nzima, jua la kutosha, maji kama kioo. Nikamtolea kile kizito cha waridi kisichofika tatu. Mzee alikitazama, akanitazama, akashukuru, akauliza kama naweza kufuatana naye asubuhi, atanirudisha kabla ya kufungua duka. Nikasema naweza. Sauti ilitoka kama ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Nasir alikuwa ameona. Kumpa Bu Jasim, katika watu wote, waridi zito katika maji maangavu ya Januari! Hakunisemesha siku mbili. Nilivumilia siku ya kwanza. Ya pili nikamweleza yote. Alisikiliza huku akipanga chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, kwa uzito wake. Halafu akainama chini ya kaunta, akatoa kisanduku chenye vumbi, ndani yake chambo kikubwa cha rangi ya machungwa, kizito kama nyundo. "Mpe na hiki," akasema. "Miaka kumi na moja, hakijanasa hata mnunuzi."

Tulikuwa tukivua Wakra, kusini mwa Doha, kwenye mawe karibu na mashua za wavuvi. Asubuhi ya kwanza Bu Jasim alinikabidhi fimbo, akatengeneza yake, akageuka kunitazama kwa muda.

"Ustadh," akasema, "umeishika kichwa chini."

Nikamwambia ukweli: Molo, kondoo, pipa la buluu, yote. Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Alicheka kama mtu aliyesahau njia ya kucheka na sasa anaipapasa. Akaapa hatawaambia wateja, akanifundisha kurusha. Vijana, kurusha mshipi si kazi ya mkono, ni kazi ya kuachia. Mimi niliachia mapema, chambo kikaenda nyuma na kunasa kilemba cha mvuvi wa Kibengali aliyekuwa akishona wavu wake. Alikivua bila kukasirika, akanirudishia kwa mikono miwili.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Alfajiri honi mbili chini ya dirisha letu, wenzangu wakilaani kwa lugha nne, mimi nateremka nimevaa masweta mawili na kofia ya Molo. Tunavua kwa muda wa saa moja na nusu, hatupati kitu, ananirudisha Najma, anakwenda Al Thumama. Na Ijumaa Nekesa ananiletea habari za upande wa pili. Mzee sasa akiingia chumbani ana la kusema. Anamwambia mkewe leo ndege wekundu wenye miguu mirefu walipita ishirini na mmoja. Leo nahodha wa mashua amegombana na paka wake. Leo Ustadh ameteleza kwenye mwani akaingia bahari hadi mfukoni. Nekesa alisema Mama akisikia habari zangu hucheka mpaka inabidi ainuliwe kwa mito.

Sitaki kusema kwamba baada ya hapo nilianguka kwa makusudi. Mara ya kwanza nilianguka kwa uwezo wangu mwenyewe. Hizo nyingine tuziache.

Kuchagua kisichonasa si kazi rahisi kama mnavyodhani. Wiki ya pili upepo ulipiga, bahari ikachafuka, na ghafla waridi likawa ndilo chambo sahihi. Ilibidi nibadilishe haraka, nimpe kile cha majani makavu cha saizi kubwa, kisichoonekana kwenye vumbi, nimeongeza na chubwi ili kizame kama kosa. Maji yalipotulia nikarudi kwenye waridi. Nilikuwa nasoma hali ya hewa kama nahodha ili nisipate kitu. Nadhani sijawahi kuifanya kazi yangu kwa ustadi kuliko wiki zile.

Na bado siku moja ngisi mmoja mpumbavu alikuja. Nilikiona kivuli chake kikitoka kwenye jiwe, kikasita, kikaiendea ile nyundo ya machungwa ya Nasir kama mlevi anayeikumbatia nguzo. Fimbo ya Bu Jasim ikainama. Nikaona kiti, nikaona kitanda, nikaona Mama akinihesabia kosa. Mzee alivuta mara mbili, ngisi akaja juu hadi tukaona macho yake. Halafu mzee akateremsha ncha ya fimbo kidogo, kama mtu anayepumzisha bega. Mshipi ukalegea. Wino ukasambaa, ngisi hayupo.

Akasema mkono umezeeka. Nikampa pole, na moyoni nikashukuru kwa huo uzee. Vile nilivyokuwa mwerevu.

Ilifika Ijumaa ya tano. Nekesa aliingia, akasimama kwenye rafu ya chubwi, akazigusagusa. Hakuniita daktari.

"Mama anasema, sasa mpe kizuri."

Mimi, niwaambie ukweli, nilifurahi. Mtu amekufungia ujuzi wako wiki tano halafu anakufungulia. Nilikuwa nimeshachagua tangu siku ya kwanza: kile kidogo cha majani makavu, hesabu sita. Nilikifunga kwenye karatasi, nikakitia mfuko wa shati. Nikamwambia Nekesa kesho mtakula ngisi. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka akisahau unga wake kaunta. Hata hilo halikunishtua.

Asubuhi bahari ilikuwa imelala. Kabla mzee hajafunga waridi nikamwambia, Baba, ngoja, leo nina kitu. Nikafungua karatasi, nikamwekea kiganjani, nikarudi nyuma kama fundi aliyemaliza nyumba.

Alikitazama muda mrefu. Hakukigeuza kuangalia sindano kama wavuvi wanavyofanya. Alikitazama tu.

"Mama amechoka, basi," akasema.

Akainama, akafungua sanduku lake la zamani la zana, akainua trei ya juu. Chini yake vilikuwamo sita, saba hivi, vya majani makavu, vidogo vile vile, vitambaa vimechakaa kwa kukumbatiwa. Vilikuwamo tangu asubuhi ya kwanza. Mtu aliyevua ngisi tangu kabla sijazaliwa, na wiki tano amesimama hapo akirusha waridi.

Alikitia changu mfukoni mwa kanzu. Akachukua waridi, akalifunga, vidole vikichelewa kwenye fundo.

"Si leo, Ustadh," akasema. Akarusha.

Tukavua hivyo hadi wakati wa kuondoka. Aliponishusha Najma aliniuliza jambo moja tu, kama leo nimeona chochote cha kumsimulia. Nikamwambia yule paka wa nahodha amezaa. Akasema, vizuri, hilo atalipenda.

Siku iliyofuata honi haikupigwa. Nililala nikiisubiri, mimi huyu. Iliyofuata ilipigwa.

Pale kwenye mawe alitoa chambo mfukoni mwenyewe, kikiwa bado na vumbi la karatasi yangu, akakifunga. Akarusha karibu, pembeni mwa jiwe, pale nilipokuwa nikijua siku zote kwamba wanakaa. Akafungua mshipi ili kishuke.

"Nihesabie," akasema. "Kama kwenye pipa."

Nikahesabu. Kwa Kiswahili, maana lugha nyingine zote zilinipotea. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Chambo kilikuwa kikishuka kimeinamisha kichwa. Tano. Kwenye sita mshipi ulitembea pembeni, taratibu, kama mtu anayeuvuta mkono wa mwenzake. Safari hii mzee hakulegeza.

Wino wote uliniangukia mimi. Shati, uso, kofia ya Molo. Alinitazama, akacheka ile sauti ya siku ya kwanza, huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imemshika ngisi.

Nekesa ndiye aliyempika. Mama alikula kipande kama ukucha wa kidole kidogo, akasema kimekuwa kigumu, na kwamba mumewe siku zote huchelewa. Kisha akamwuliza ameona nini leo. Baba akamweleza kuhusu Ustadh na wino, kuanzia mwanzo, polepole, na alipomaliza Mama akamwambia arudie. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa Nekesa hakuja Najma, na Nasir akafunga duka adhuhuri tukaenda Al Thumama kutoa pole. Nilikaa kwenye baraza na wanaume. Bu Jasim aliponiona alinishika bega, akawaambia waliokaa karibu kwamba huyu ndiye mwalimu wake.

Nilibaki kwenye duka lile miaka mingine minane. Nasir aliniachia kaunta na sheria yake, akarudi kwao. Najma ikabomolewa huku na kujengwa kule, metro ikaja, vijana wakaanza kuagiza vyambo kwa simu wakiulizana wao kwa wao. Sheria niliishika. Sikumuuzia mtu chambo kisicho cha msimu wake, isipokuwa mmoja.

Kila baridi ilipoingia na maji yakawa maangavu, Bu Jasim alikuja. Alipita rafu zote nzuri, akasimama kaunta, akasema tu, kile chetu. Nami nilikuwa nimeshakiweka tayari, kile kizito cha waridi, kisichofika tatu. Nilikifunga kwenye karatasi, nikamuuliza saa ngapi kesho, nikaenda kutafuta masweta yangu.